Dakika 25 za Kwanza: Tathmini ya Karakana Iliyounda Upya Injini ya Camaro Yangu ya 1969

Injini ya Camaro yangu iliwashwa tena mwezi wa Aprili, baada ya kukaa miezi saba ikiwa vipande vipande katika karakana moja iliyo nje kidogo ya jiji la Dayton, jimboni Ohio. Tathmini hii inaihusu karakana hiyo, na hasa huduma yake moja ambayo wateja wengi hawajui kuiulizia, nayo ni namna inavyoiwasha injini kwa mara ya kwanza baada ya kuiunda upya. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa mwenye karakana ameniomba nisimletee foleni. Anafanya kazi na binti yake tu, na injini wanazozipokea kwa mwaka ni chache. Nitaeleza walichokifanya kwa kina cha kutosha ili anayemiliki gari la aina hii, au anayefikiria kulinunua, ajue mambo ya kudai popote atakapoipeleka injini yake.

Gari lenyewe ni miongoni mwa yale ambayo Wamarekani huyaita magari ya misuli, yaani magari ya milango miwili yaliyopachikwa injini kubwa ya V8, yenye silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, na kuuzwa kwa bei ambayo kijana mwenye kazi aliweza kuimudu. Wengi huhesabu kwamba aina hiyo ilianza na Pontiac GTO ya mwaka 1964. Camaro ilifuata ikiwa jibu la Chevrolet kwa Ford Mustang, na toleo lake la kwanza lilikuwa la mwaka 1967. Yangu ni ya 1969 na ina herufi N katika namba ya chesisi, maana yake iliunganishwa Norwood, kando ya Cincinnati, katika kiwanda kilichofungwa mwaka 1987, mwendo wa saa moja hivi kutoka mahali injini yake ilipofumuliwa. Injini ni ile ya inchi za ujazo 350, sawa na lita 5.7, yenye kabureta ya Rochester Quadrajet, na ilipotoka kiwandani ilitajwa kuwa na nguvu ya farasi 300 kwa vipimo vya wakati ule.

Nilifika katika karakana hii nikiwa na hofu, kwa maana aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Miaka mitatu iliyopita nilimpa fundi mwingine, ambaye naye sitamtaja, kazi ya kubadilisha kamshafti, yaani mhimili wenye nundu zinazofungua valvu, na tapeti zake 16, vipande vidogo vinavyosukumwa na nundu hizo. Alizifunga vizuri, akawasha injini mbele yangu, kisha akaiacha ingurume polepole kwa takriban robo saa huku akiirekebisha kabureta kwa bisibisi. Mimi nilisimama kando nikifurahia mlio, nisijue kwamba katika dakika zile kamshafti mpya ilikuwa ikiliwa. Baada ya miezi miwili injini ilianza kugonga na kupoteza nguvu, na ilipofunguliwa tulikuta nundu mbili za kamshafti zimesagika hadi zikakaribia kuwa mviringo, na unga wa chuma umesafiri na oili mpaka kwenye beringi za kranki, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Uharibifu ule wa robo saa ndio ulionilazimisha kuifumua injini nzima.

Sababu yake inafaa ielezwe, kwa kuwa anayezoea magari ya kisasa anaweza kuona kwamba yule fundi hakukosea chochote. Injini za Chevrolet za miaka ile hutumia tapeti bapa zinazosuguana moja kwa moja na nundu za kamshafti, tofauti na tapeti zenye rola ambazo injini za V8 za kampuni hiyo zilianza kuzipata mwaka 1987. Nundu ya kamshafti ya aina hii haikuchongwa sawasawa. Upande wake mmoja uko juu kidogo kuliko mwingine, na kitako cha tapeti nacho kina mbinuko mdogo usioonekana kwa macho, ili nundu inapopita chini yake tapeti izunguke. Ikizunguka, msuguano hutawanyika na nyuso zote mbili hulainishana. Isipozunguka, sehemu moja ndogo hubeba mzigo wote wa springi ya valvu na kuliwa haraka sana. Zaidi ya hayo, oili inayozilowesha nundu hizo hurushwa na kranki inapozunguka, na kranki inayozunguka polepole hurusha kidogo mno. Ndiyo maana injini ya aina hii, mara tu inapowaka, hupandishwa hadi kati ya mizunguko 2,000 na 2,500 kwa dakika na kushikiliwa hapo kwa dakika 20 hadi 30, huku mizunguko ikipandishwa na kushushwa kidogo kidogo, wala haiachwi kabisa ingurume polepole kabla muda huo haujaisha.

Jambo la pili ni oili. Zamani oili za kawaida zilikuwa na kiasi kikubwa cha mchanganyiko wa zinki na fosforasi, ambao hufanya utando mwembamba unaokinga chuma kisisuguane na chuma. Magari ya Marekani yalipoanza kufungwa vifaa vya kusafisha moshi (catalytic converter), kwa sehemu kubwa kuanzia matoleo ya 1975, ilibainika kwamba fosforasi huviharibu, na kiwango chake kikapunguzwa hatua kwa hatua; chini ya SM, daraja la ubora wa oili lililotolewa mwaka 2004, oili nyepesi zinazotumika zaidi ziliwekewa kikomo cha sehemu 800 kwa milioni. Kwa gari la leo kiasi hicho kinatosha, ila kwa kamshafti mpya yenye tapeti bapa hakitoshi. Yule fundi wa kwanza alimimina oili ya kawaida kutoka dukani. Karakana ya Dayton ilitumia Driven BR30, oili iliyotengenezwa mahsusi kwa saa za mwanzo za injini mpya, na iliniorodheshea bei yake kando kwenye ankara badala ya kuificha ndani ya gharama za kazi.

Kuhusu kazi ya kuunda upya injini nitasema machache, kwa kuwa ilifanywa kama inavyopaswa. Silinda zilipanuliwa kwa inchi 0.030, hivyo ujazo umefikia inchi 355. Wakati wa kuzisugua ndani, bamba zito la chuma lilifungwa juu ya bloku kwa nguvu ileile itakayotumika kufunga silinda hedi, ili silinda zipinde mapema kama zitakavyopinda baadaye na ringi za pistoni zikute duara kamili. Boliti za hedi, ambazo kwenye injini hii hupenya hadi kwenye mifereji ya maji, zilipakwa dawa ya kuzuia uvujaji. Kilichonipendeza zaidi ni karatasi ya vipimo niliyokabidhiwa, yenye nafasi ya kila beringi ya kranki, mwanya wa kila ringi na uzito wa kila pistoni, iliyoandikwa kwa mkono wa binti yule, kwa kalamu, na tarehe pembeni ya kila kipimo. Karatasi hiyo nililazimika kuiomba, na kwa maoni yangu mteja hapaswi kuiomba. Ningependa kila mteja akabidhiwe pamoja na ufunguo.

Siku ya kuwasha niliitwa nifike saa tatu asubuhi, na injini haikuguswa na stata mpaka saa nane na nusu mchana. Saa hizo tano na nusu ndizo ninazozisifu kuliko chochote kingine walichonifanyia.

Kwanza waliijaza injini oili kabla haijazunguka kwa nguvu zake yenyewe. Kwenye injini hii pampu ya oili huendeshwa na distributa, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, kupitia fimbo inayoshuka hadi kwenye sampu, yaani beseni la oili, kwa hiyo distributa ikichomolewa mtu anaweza kuizungusha pampu kwa drili ya umeme. Jambo ambalo wengi hulikosea ni kwamba mwili wa distributa yenyewe ni sehemu ya mfereji wa oili; ukitumia fimbo tupu, oili humwagikia pale kwenye tundu na upande mmoja wa tapeti haupati kitu, ingawa geji inaonyesha kwamba presha ipo. Binti yule alitumia kifaa chenye shingo iliyo na unene wa distributa halisi, akanionyesha tofauti yake na fimbo tupu kabla hajakiingiza. Kisha alizungusha drili kwa mwelekeo wa saa huku baba yake akiigeuza kranki kwa mkono, robo mzunguko kwa robo mzunguko, nami nikapewa tochi na kazi moja: kuhesabu roka, vile vipande 16 vinavyozisukuma valvu, zinazotoa oili. Kumi na tano zilitoa ndani ya dakika chache. Ya kumi na sita, ile ya mwisho nyuma upande wa abiria, ilibaki kavu.

Ningekuwa mimi ningewasha. Presha kwenye geji ilikuwa paundi 55 kwa inchi ya mraba, roka kumi na tano zilikuwa zimelowa, na ilikuwa imeshapita saa sita mchana. Binti alikataa. Waligeuza kranki mizunguko mingine miwili kamili, wakachomoa fito inayoisukuma roka ile, wakaipuliza tundu lake, wakairudisha na kuanza tena. Baada ya robo saa hivi oili ilichomoza, kwanza kama jasho, kisha ikatiririka. Sijui kama tundu lilikuwa limezibwa na chembe ya uchafu au ilikuwa hewa tu iliyonaswa, lakini najua kwamba karakana nyingine nyingi zisingegundua lolote, kwa kuwa zisingekuwa na mtu wa kuhesabu.

Yaliyofuata yalilenga kuhakikisha kwamba injini itawaka mara moja bila kuhangaishwa na stata, maana kila sekunde ya kuizungusha pasipo kuwaka hupangusa mafuta mazito yaliyopakwa kwenye nundu. Walitafuta sehemu ambayo pistoni ya silinda ya kwanza imepanda ikiwa inagandamiza hewa, kwa kuziba tundu la plagi kwa kidole hadi hewa ilipokisukuma, kwa kuwa pistoni hiyohiyo hupanda pia wakati wa kutoa moshi, na anayezichanganya nyakati hizo mbili huifunga distributa nyuma-mbele, injini ikarudisha moto kwenye kabureta badala ya kuwaka. Taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, iliwekwa nyuzi 12. Waya za plagi zilikaguliwa mara mbili, baba akisoma kwa sauti na binti akigusa: moja, nane, nne, tatu, sita, tano, saba, mbili. Bakuli la kabureta lilijazwa petroli kwa chupa ndogo kupitia bomba lake la hewa, kwa sababu pampu ya petroli ya injini hii husukumwa na kamshafti na haileti tone lolote mpaka injini izunguke. Rejeta ilijazwa, feni kubwa ya umeme ikawekwa mbele yake, mlango wa karakana ukafunguliwa wote kwa ajili ya moshi, na kizima moto kikasimamishwa pembeni ya gurudumu la mbele.

Hapo ndipo nilipompigia mjomba wangu aliyeko Tanga, ambako ilikuwa saa tatu na nusu usiku. Alikuwa fundi wa malori kwa zaidi ya miaka thelathini, na nilikuwa nimemwahidi kwamba ataiona injini ikiwaka kupitia simu. Nilimwamkia, akaitikia, akatazama kimya nilipozungusha kamera, kisha nikamweleza kwamba tutaishikilia kwenye mizunguko 2,000 mara tu itakapowaka. Alishtuka. “Mpwa wangu, injini mpya haipigwi resi,” alisema. “Iache ipumue kwanza, ipate joto taratibu, ndivyo tulivyofanya miaka yote.” Nilimweleza habari za nundu na tapeti, nikamweleza na yaliyonipata miaka mitatu iliyopita. Alinyamaza kidogo, akauliza kama tapeti zinazunguka kwenye nyumba zake, nikamjibu kwamba zinazunguka. “Basi wasikilize hao,” alisema, “lakini usiondoe jicho kwenye geji ya oili.” Ninalitaja hili kwa sababu wasomaji wengi wa Kiswahili wamelelewa na kanuni hiyohiyo ya kuidekeza injini mpya. Ni kanuni yenye heshima na sababu zake. Ila kwa tapeti bapa za injini hii, ndiyo inayoiua kamshafti.

Kila mtu alipewa jukumu. Binti alikaa kwenye usukani akiangalia mita ya mizunguko, baba alisimama na taa ya taimingi, nami nilipewa geji ya presha ya oili, ile ya mshale iliyounganishwa kwa bomba na siyo kwa waya, na amri ya kupiga kelele ikishuka chini ya paundi 20. Stata ilipigwa, kranki ikazunguka labda mara mbili, injini ikawaka. Haikukohoa wala haikusita. Mizunguko ilipanda moja kwa moja hadi 2,200, geji yangu ikasimama kwenye paundi 58, na karakana ikajaa mlio ambao nilikuwa sijausikia kwa zaidi ya mwaka mmoja. Nilijikuta nalia, na sioni sababu ya kulificha jambo hilo.

Dakika chache baadaye moshi mweupe ulianza kufuka kutoka kwenye manifoldi za ekzosi, na kama nisingekuwa nimeonywa mapema ningezima. Ilikuwa rangi mpya na mafuta ya mikono yetu yakiungua juu ya chuma cha moto; ulikwisha kabla ya dakika ya kumi. Baba alisogeza distributa kidogo kwa kufuata taa yake, na sauti ikawa nyororo zaidi. Joto la maji lilipanda hadi thamostati ilipofunguka kwenye nyuzi 82 za Selsiasi, likapita kidogo, likashuka, kisha likatulia. Binti alipandisha mizunguko hadi 2,500 na kuishusha hadi 2,000 kila baada ya dakika mbili hivi, akiangalia saa na siyo kukisia. Baada ya dakika 25 alizima, hakuruhusu hata sekunde kumi za kusikiliza injini ikinguruma polepole, akatuambia tusiguse kitu mpaka ipoe.

Jioni ileile oili ilimwagwa yote ikiwa bado na joto, filta ikakatwa kwa mkasi maalumu na karatasi yake kutandazwa mezani kama mkeka. Ilikuwa na rangi ya kijivu iliyokoza, ambayo ni ya mafuta mazito ya molibdeni yaliyopakwa wakati wa kufunga, na chembe chache sana zilizonaswa na sumaku. Vipande vinavyong’aa havikuwepo. Baadaye mgandamizo wa silinda zote nane ulipimwa, na tofauti kati ya ya juu na ya chini haikufika paundi 8. Kisha nilipewa maelekezo ya kuendesha kwa ajili ya ringi: kukanyaga mafuta kwa nguvu ya wastani kuanzia mwendo mdogo, kuachia na kuliacha gari lipunguze mwendo lenyewe likiwa kwenye gia, kurudia mara nyingi, na kutoweka oili ya sintetiki mpaka zipite kilomita 800.

Malalamiko yangu ni matatu. La kwanza ni kuchelewa: niliahidiwa miezi mitano, kazi ikachukua saba, na kwa wiki sita za katikati simu zangu hazikupokelewa, ujumbe mmoja wa kueleza kwamba mashine ya kusugua silinda ilikuwa mbovu ungeniondolea hasira yote. La pili ni karatasi ya vipimo, ambayo nimekwisha kuisema. La tatu ni uvujaji wa oili nyuma ya manifoldi ya kuingizia hewa, uliojitokeza baada ya siku nne. Kwenye injini hizi pembe zile za mbele na nyuma zinajulikana kwa kuvuja zikifungwa kwa gasketi ya koki, ile nyenzo ya kutengenezea vizibo vya chupa, na mafundi wengi wazoefu huiacha gasketi hiyo na kutumia mstari wa silikoni pekee. Walitumia gasketi. Walilipokea gari bila ubishi, wakaifungua manifoldi, wakairudisha kwa silikoni na hawakunitoza hata senti, lakini mambo madogo kama hilo ndiyo ambayo watu makini kiasi kile hawakupaswa kuyaacha.

Nililipa dola 6,400 kwa kazi nzima, zikiwemo dola 350 za siku ya kuwasha. Kuna karakana ambazo zingeniundia injini hii kwa chini ya dola 5,000 na kunikabidhi ikiwa kwenye sanduku, niende kuiwasha mwenyewe nyumbani, na kwa mwenye uzoefu na vifaa huo ni uamuzi halali kabisa. Kwangu mimi hizo dola 350 ndizo nilizozitoa kwa moyo mweupe kuliko zote. Kwa anayetafuta karakana, ningemshauri aulize maswali mawili tu kabla ya kuuliza bei: mtaijazaje injini oili kabla ya kuiwasha, na mtaishikilia kwenye mizunguko mingapi kwa muda gani. Akijibiwa kwa kusitasita, arudi na injini yake nyumbani.

Gari sasa limetembea kilomita 1,900. Presha ya oili injini ikiwa na joto na ikinguruma polepole ni paundi 24, matumizi ya oili hayaonekani kwenye kijiti, na filta ya pili, niliyoikata mwenyewe kwa mkasi niliouazima kwa binti yule, haikuwa na chembe hata moja ya kung’aa. Mjomba aliomba nimtumie picha ya filta hiyo, nikamtumia.